Dira Aliyoirudisha Marijani

Wateja wa mashine za mtumba ni wa aina nyingi, ila anayenitia wasiwasi ni yule anayekuja na kipimo chake mwenyewe. Mwenye mdomo namweza. Anayelialia kwamba hali ngumu, nambana taratibu mpaka tunakutana mahali. Lakini mtu anayechukua shafti yako, akaibingirisha juu ya kipande cha kioo alichokuja nacho, akainama kuchungulia mwanga unaopenya chini yake, halafu akairudisha palepale bila kusema neno, huyo utambembeleza na nini? Kioo kimeshasema.

Marijani Mwinjuma ndiye mtu huyo. Ananunua kwangu Manzese tangu enzi nauza beringi juu ya turubai, sijapata hata bati la kujikinga na jua, na hajawahi kuondoka na kitu kilichopinda. Nimejaribu. Nilishawahi kumpaka shafti grisi nzito ili ing'ae, akaifuta kwa kitambaa, akaipima, akaniambia, "Mama Vaileth, grisi umeipaka vizuri." Basi.

Ni mtu wa Temeke, kwao Mtoni, pwani kabisa, baba na babu. Kazi alijifunzia kwenye karakana ya injini za boti. Kazi yenyewe ni alaimenti. Mtu akisikia neno hilo anawaza matairi ya gari, lakini kwenye boti maana yake ni kwamba shafti inayotoka kwenye injini na ile inayozungusha propela nyuma zikae kwenye mstari mmoja, kama zimezaliwa pamoja. Zikipishana kidogo tu, boti inatetemeka, beringi zinaungua, na mwenye boti anakuja kukutafuta na ndugu zake.

"Boti ukiipima nchi kavu inakudanganya," aliniambia siku moja akisubiri nimtafutie bolti. "Ikishuka majini mbao zinajikunja kidogo, na mstari wako umekwenda. Kwa hiyo unaipima juu, unaishusha, halafu unaipima tena pale itakapofanyia kazi."

"Si unafanya kazi mara mbili?"

"Mara mbili mie. Mwenzangu asiyepima mara mbili huwa anaifanya kila mwezi."

Kutoka kwenye boti akahamia mashine za kusaga za huku Manzese na Mabibo, na jina lake likatembea. Fundi wa alaimenti hana kingine cha kuuza. Nguo za mshonaji utaziona zimetundikwa, seremala utakaa kwenye kiti chake. Kazi ya Marijani haionekani. Unachonunua ni neno lake kwamba iko sawa, na siku neno hilo likitiliwa shaka, bidhaa imekwisha dukani.

Ndiyo maana sikushangaa chuo kimoja cha binafsi, nyuma kidogo ya stendi ya Mbezi Luis, kilipomchukua kwa mkataba. Nilishangaa nilipoambiwa anaenda kupima nini.

Mie nilifika huko kwa biashara. Walitaka pampu ya kunyonya hewa, meza za alumini na nyaya nene, na vyote nilikuwa navyo au nilijua vilipo. Niliwauzia na magrili ya madirisha, mazito kuliko yote niliyokuwa nayo, maana chumba kilikuwa kinakwenda kujaa shaba, na shaba hapa mjini ina miguu. Nilipopeleka meza, mlinzi wao Suleiman akanizuia mlangoni.

"Mkanda una chuma, mama?"

"Sivai mkanda, navaa kitenge."

"Bangili?"

"Shaba."

"Funguo hizo ziache hapa. Amri ya Mzee Marijani. Chuma hakiingii."

Nikaacha funguo nikiwa nimenuna, nikaingia. Katikati ya chumba palikuwa na kitu mfano wa tyubu ya tairi la lori iliyojazwa upepo, ila ni ya bati nene la alumini linalong'aa, imelala juu ya miguu. Kuizunguka zilikaa pete kubwa za shaba, kila moja ndani ya kasha lake. Marijani alikuwa amelala chali chini yake kama fundi gari, ameshika geji yenye mshale, ile inayofanana na saa.

"Hii inasaga nini?" nikauliza.

Aliyecheka alikuwa Daktari Augustine, mkuu wa maabara, kijana bado, mwembamba, shati halijachomekewa. "Haisagi, mama. Shikamoo. Hii ni mashine ya kuunganisha viini vya atomi. Jua linavyowaka kule juu, ndivyo hivi."

"Marahaba. Kwa hiyo mnatengeneza umeme?"

"Hapana. Hii ni ya kufundishia tu. Haitoi umeme hata wa kuchaji simu, inakula tu."

Nikampenda kwa kusema kweli. Nikamwambia anieleze polepole, kama anayeniuzia. Akaniambia hivi: ukichukua gesi nyepesi ukaipasha moto kupita kiasi, viini vyake vinaanza kugandana, na vikigandana vinatoa nguvu. Shida ni chombo. Hakuna sufuria duniani inayobeba moto wa namna hiyo. Kwa hiyo wanatumia sumaku. Umeme unapita kwenye zile pete za shaba, pete zinageuka sumaku, na sumaku inaishika gesi ikielea katikati ya tyubu, isiguse ukuta wowote. Mashine yao ndogo haifiki kwenye kugandana kwenyewe, haina ubavu huo. Wanataka tu wanafunzi waone gesi inavyowaka na inavyoshikwa.

"Ikigusa ukuta?"

"Inapoa papo hapo, inakufa. Na kwenye mashine kubwa, ukuta nao unaumia."

Za kubwa ziko ng'ambo, akasema, vipande vyake vizito kuliko kichwa cha treni, na vinatakiwa vikae mahali pake kwa kupishana milimita chache. Wanavipima kwa mwanga wa leza unaorushwa kwenye vijipira vya kioo na kurudi. Kipande kikitoka kiwandani kimepinda kidogo hawahangaiki kukinyoosha. Wanakipima kilivyo, halafu wanachonga kibati cha kujazia kinachofuata upindo ule ule.

Sauti ikatoka chini ya mashine. "Kama injini ya boti."

"Kama injini ya boti, ila boti moja inajengwa na mataifa mazima," Augustine akajibu, na nikaona hao wawili wameshazoeana.

Kazi ya Marijani ilikuwa hizo pete. Zote zinatakiwa ziwe na kitovu kimoja, kilekile cha tyubu, na ruhusa ya kupishana ni unene wa ukucha. Alikuwa na timazi, pima maji, uzi mwembamba wa nailoni, fimbo ya kupimia ya alumini na ile geji. Na alikuwa na taratibu zake. Fimbo haishikiki kwa mkono wa moto, maana chuma na alumini hurefuka vikipata joto, hata joto la kiganja. Kwa hiyo vipimo vile vya mwisho alivifanya baada ya swala ya alasiri, mikono ikiwa imetoka kwenye maji ya udhu. Augustine alinunua glavu. Marijani akazivaa siku moja, akasema zinamnyima hisia, akarudi kwenye udhu wake. Wakaweka vyote kwenye jedwali, wakalinganisha: glavu na udhu vilitoa namba zilezile, kwa hiyo kila mtu akabaki na lake.

Aliswalia humohumo, kona ya dirishani, akajipangia mkeka sambamba na ukuta kwa sababu alishaupima ukuta ule. Baadaye akanunua kwangu dira ndogo, ya kuhakikisha tu. Nilimpa kwa bei nzuri. Dira ni bidhaa isiyotoka.

*

Kisha mambo yakaharibika, na habari nilizipata kwa vipande, kwa sababu Marijani si mtu wa kulalamika. Alikuja kuulizia pampu nyingine, uso umemshuka.

"Ile niliyowauzia imekufa?"

"Pampu ni nzima, tunabahatisha kila njia tu. Gesi inawaka. Ila inalala upande."

Kila walipowasha, gesi iling'aa kufumba na kufumbua, na kamera ilionyesha mwanga haukai katikati. Unakimbilia upande mmoja wa tyubu, upande wa dirisha, unagusa ukuta, unazimika. Mara ya kwanza walidhani ni hewa iliyobaki ndani. Wakanyonya tena, ukaenda palepale. Wakabadili nguvu ya umeme, ukaenda palepale.

Chuo cha ng'ambo kilichowapa ile mashine kikatazama picha, kikatoa neno: pete zimekaa kombo. Zifunguliwe zote, aletwe mpimaji mwingine. Na kama chuo hakina mtu wa kuzipanga, mashine ihamishiwe kwingine kwenye watu. Msimamizi wa chuo, Madamu Eliaichi, mama wa Kipare asiyecheka ovyo, akaitisha kikao Ijumaa mchana. Ajenda zilikuwa mbili tu: kufungua mashine, na mkataba wa Marijani.

"Umepima tena?" nikamuuliza.

"Nimepima mpaka geji imenichoka. Shaba iko sawa."

"Basi waambie."

"Nimewaambia. Daktari naye ameona kwa macho yake, tumepima pamoja. Lakini amepima pia nguvu ya sumaku yenyewe, kwa kile kifaa chake, pete zikiwa na umeme. Sumaku imelala. Kasha liko katikati, nguvu haiko katikati." Akashusha pumzi. "Anasema labda shaba imejifunga vibaya ndani ya kasha. Mie nimepima kasha. Kilichomo ndani sijakiona."

Hapo nikaelewa alivyobanwa. Kama kosa liko ndani ya kasha, basi alichokithibitisha kwa neno lake ni ganda tu. Na kujua ni mpaka ufungue, na ukifungua umeshakiri. Habari zikifika Manzese kwamba chuo kimemfukuza Marijani kwa kupima kombo, ni mwenye mashine gani ya kusaga atamwita tena?

Pampu hakununua. Sikumlazimisha, maana mtu akiwa hivyo hata ukimuuzia atakurudishia.

*

Jumatano asubuhi akarudi, safari hii amekasirika, na hasira ilimpendeza kuliko ule unyonge. Akaweka dira juu ya meza yangu, tap.

"Mama Vaileth, dira yako mbovu."

"Kwanza salamu."

"Asubuhi njema. Dira yako mbovu. Nibadilishie."

"Umekaa nayo muda wote huo, leo ndiyo imeharibika?"

"Mbovu tangu siku ya kwanza. Niliona haifuati ukuta, nikaiweka mfukoni nikasema ya Kichina hii, nitaswali kwa ukuta wangu. Jana nimeitoa tena. Inaonyesha kibla iko dirishani. Mie nimezaliwa mji huu, nitapotezwa kibla na kidude cha plastiki?"

Sirudishi bidhaa. Huo ndio msingi wa banda langu, na nikiuvunja kwa mmoja nitauvunja kwa wote. "Twende tukaipime," nikasema. "Ikiwa mbovu nakupa nyingine. Ikiwa nzima, unaondoka nayo na unaniomba radhi."

"Ipimie hapahapa."

"Hapa? Katikati ya vyuma hivi? Wewe fundi mzima?"

Tukavuka hadi uani pa msikiti wa mtaa. Mie nikasimama getini, yeye akaingia, akaiweka juu ya baraza. Sie wa Dar es Salaam dira inaturahisishia: Maka iko kaskazini yetu, karibu moja kwa moja, kwa hiyo mshale ukitulia ni kama unakuonyesha mihrabu. Nilimwona ameinama. Akaigeuza. Akaisogeza. Akatazama mihrabu, akatazama mshale.

"Enhe?" nikapaza sauti.

Akaigeuza dira mara nyingine.

"Marijani, nasubiri radhi yangu."

Akatoka taratibu. "Hapa iko sawa."

"Nzima?"

"Nzima. Ila kule haiko sawa, Mama Vaileth, wallahi."

"Siku unainunua nilikwambia sharti moja tu. Usiiweke karibu na chuma."

"Chuma kipo wapi kule? Mie ndiye niliyekipiga marufuku! Meza alumini, bolti za shaba, watu wanavuliwa mikanda. Suleiman kamvua Madamu Eliaichi mpaka pini za nywele. Hata panya mwenye jino la chuma hapiti mlango u—"

Akasimama katikati ya barabara. Bodaboda ikampigia honi, dereva akamwuliza kama amepanga hapo. Hakusikia. Alikuwa anatazama banda langu, pale nilipoyaegemeza magrili ya kuuza kwenye nguzo.

"Yale uliyotuuzia ya dirishani," akasema, "ni ya nini?"

"Nondo za mraba, zimechomelewa kote. Imara."

"Za chuma?"

"Ulitaka za muhogo?"

Hakucheka. Na mie sikucheka baada ya hapo, kwa sababu niliona kilichotupita sote. Chumba kile kimekaguliwa na watu wenye macho. Augustine na elimu yake, Marijani na geji yake, Suleiman mlangoni, na mie niliyeyapima madirisha kwa futi kamba na kupokea hela yake. Hakuna aliyeyaona magrili. Mji huu dirisha ni kioo, wavu na grili, ni kitu kimoja, kama vile mtu akikwambia amekuja huhesabu kichwa chake peke yake. Nani atakaa ahesabu nondo za dirisha kama chuma kilichoingia chumbani?

*

Tulipanda bajaji. Nilimwachia mtu banda nikafuatana na Marijani, kwanza kwa sababu nilitaka kuona, pili kwa sababu kama magrili yanatoka, kuna mtu atahitaji mengine.

Chumbani mashine ilikuwa imezimwa. Marijani akaweka dira sakafuni kona ya mbali na dirisha, akaiacha itulie. Kaskazini. Akaisogeza hatua moja kuelekea dirishani, ikatulia. Akaisogeza tena. Mshale ukaanza kugeuka, kidogo kidogo, kama mtu aliyeitwa jina nyuma yake. Ulipofika chini ya dirisha ulikuwa unachungulia nondo kabisa.

Augustine aliweka mikono kichwani. "Tumevua watu mikanda," akasema.

"Tumevua mikanda," Marijani akaitikia.

"Lakini nilipima, Mzee! Kifaa kingeonyesha."

"Kile kifaa ulikiweka sifuri wapi?"

"Hapa." Augustine akageukia dirisha. "Hapahapa chumbani. Kabla ya kuwasha."

Hilo nililijua bila kufundishwa. Ni sawa na mizani ya sokoni Mabibo uliyoiweka sifuri jiwe likiwa limeshalala juu ya sahani. Kuanzia hapo kila unachopima, jiwe halionekani. Nondo zilikuwa na usumaku wake tokea mwanzo, kifaa kikauzoea, na umeme ulipopita kwenye pete, zikazidi kuivuta ile nguvu upande wao. Lawama zikaangukia shaba.

"Kwa hiyo tunayatoa," Marijani akasema.

"Hamtoi kitu." Madamu Eliaichi alikuwa mlangoni, ameshika viatu vyenye kisigino cha chuma mkononi, peku, na bado alionekana bosi. "Shaba yote hii, dirisha wazi? Kesho asubuhi mtakuta miguu ya meza."

"Bila kuyatoa hatuwezi kujua, Madamu," Augustine akasema.

"Na mkiyatoa isiwe hayo? Nitakuwa nimevunja ukuta wa chuo kwa sababu ya dira ya mkekani?"

Marijani hakubishana. Akamwomba ainame, atazame mshale mwenyewe. Yule mama akainama, akaisogeza dira kwa kidole, mbele, nyuma, mbele tena, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nikaona anaanza kuifurahia. Mtu aliyeanza kucheza na bidhaa ameshanunua, kilichobaki ni masharti.

Nikaingilia. "Madamu, yatolewe Ijumaa asubuhi, kabla ya kikao. Mchana kweupe. Suleiman anakaa dirishani na rungu lake. Mkiwasha na gesi ikalala tena, mafundi wanayarudisha siku hiyohiyo na mnaendelea na kikao chenu. Ikisimama katikati, nawaletea ya alumini nene, haina habari na sumaku."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe si ndiye uliyetuuzia hayo ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na leo unatuuzia ya pili."

"Na ya kwanza nayanunua, Madamu. Kwa bei ya chakavu."

"Chakavu! Yana muda gani ukutani?"

"Yatakatwa na grenda, Madamu. Ukikata ni chakavu."

Tulikwenda hivyo mpaka tukafika mahali. Simsemi vibaya, ananibana vizuri.

*

Ijumaa mafundi walikuja mapema. Mashine ilifunikwa kwa turubai, cheche zikaruka, nyundo zikagonga, na nondo zikatoka na vipande vya plasta vinavyoning'inia kama nyama kwenye mfupa. Suleiman akakalia dirisha wazi, miguu nje, rungu mapajani, anasalimia wapita njia. Wale wa ng'ambo walikuwa kwenye simu ya Augustine, nyuso zao ndogo, wanasubiri. Madamu Eliaichi alisimama ukutani, saa ya kikao inakaribia. Augustine akapeleka mkono kwenye swichi.

"Subiri," Marijani akasema.

"Nini tena, Mzee?"

"Ukuta umegongwa."

"Wanasubiri kwenye simu!"

"Waambie ukuta umegongwa. Nilipima kabla ya nyundo. Sijapima baada."

Nilimtazama Madamu Eliaichi nikaona taya limekaza. Mtu mwingine yeyote, mkataba wake ukiwa mezani na wakubwa wanamtazama, angeacha swichi ishuke. Gesi ikikaa sawa amepona. Marijani akaenda bombani, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, akarudi akalala chini ya mashine na geji yake. Pete moja baada ya nyingine. Wale wa kwenye simu wakaanza kuulizana. Augustine aliwaeleza, kisha naye akachuchumaa akawa anasoma mshale kwa sauti huku Marijani akisogeza.

Kwenye pete ya karibu na dirisha akasimama. Akarudia. "Mguu huu umeshuka."

"Kiasi gani?" Augustine akauliza.

"Umekula ruhusa yote na kidogo."

Madamu Eliaichi akafunga macho. Ilikuwa dhahiri anachofikiria: kwa hiyo pete zilikuwa kombo kweli. Marijani naye alielewa. "Jana jioni ulikuwa sawa, Daktari ni shahidi. Huu ni wa leo, wa nyundo," akasema, na akatoa mfukoni kibati chembamba kama ganda la kitunguu, akakiingiza chini ya mguu, akakaza, akapima tena. Akatoka chini, akajifuta vumbi.

"Sasa washa."

Augustine akashusha swichi. Kitu kikanguruma kifupi, na kwenye skrini ukapita mwanga wa rangi ya juisi ya rozela iliyoongezwa maji. Ulikuwa umekwisha kabla sijasema nimeona. Augustine akaurudisha polepole, picha moja moja. Zile za nyuma nilishaonyeshwa, zilikuwa kipande cha mwezi kilichobandikwa upande. Hii ilikuwa duara. Duara zima, limeelea katikati ya tyubu, halijagusa popote.

Kwenye simu wakapiga kelele kwa lugha yao. Suleiman akageuka dirishani, "Imewaka? Imewaka jamani?" akasahau wapita njia. Augustine aliwasha tena, na tena, na duara likakaa palepale.

Madamu Eliaichi akatoa karatasi ya uthibitisho, ile inayosema pete ziko mahali pake, na kalamu. "Kikao nimekifuta," akasema. "Mashine haiendi popote. Mkataba wako tutauongeza, tutazungumza Jumatatu. Weka saini, Marijani, niwatumie hawa watu kabla hawajabadili mawazo."

Marijani akaipokea kalamu, akaiangalia, akairudisha. Kisha akachukua dira, akaiweka sakafuni kona ya mbali, akaanza kuitembeza chumba kizima kwa magoti, hatua kwa hatua, kama alivyofanya Jumatano. Kaskazini. Kaskazini. Chini ya dirisha, kaskazini. Alipomfikia Madamu Eliaichi mshale ukatikisika.

Akainua uso. "Samahani, Madamu. Una nini mfukoni?"

Yule mama akajipapasa, akatoa kishada cha funguo.

"Suleiman!" akaita.

"Wewe ndiye uliyeniambia nisikupekue tena, Madamu," Suleiman akajibu kutoka dirishani.

Funguo zikatolewa nje. Marijani akarudia ile kona, mshale ukatulia, ndipo akasaini, harakaharaka, maana adhana ya Ijumaa ilikuwa inaita. Alipopita karibu yangu nikamdai radhi yangu ya dira. Akasema atanipa nikishaleta magrili ya alumini, akiyapima akayakuta yamenyooka.